Bibi Alimjua Staringi

Mwaka jana waliniita kwenye mafunzo. Mimi, kama unavyojua, huandika michezo ya redio, ile ya jioni ambayo watu huisikiliza wakimenya viazi, na mara mojamoja tamthilia za televisheni. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli Dar es Salaam, kiyoyozi kikitupuliza shingoni, na mkufunzi akachora duara kubwa ubaoni. Akasema hadithi za mashujaa, za kale na za leo, hupita kwenye duara hilo. Kijana yuko kwao. Anaitwa. Kwanza anakataa. Kisha anavuka, anakutana na mtu wa kumsaidia, anapata taabu, anashinda, anarudi kwao na kitu mkononi. Akasema hata filamu za sasa, za maroketi na bunduki, ukizichuna ngozi utalikuta duara lilelile. Wenzangu waliandika harakaharaka. Kisha akapita kiti hadi kiti akitaka kila mmoja atoe mfano wa hadithi ya kwao. Aliponifikia nikasema sina. Akaenda kwa mwingine. Baadaye tukaenda kula.

Ninayo. Ila sikuona namna ya kuisema pale, kati ya chai na picha ya pamoja. Nakuambia wewe.

Nilikulia Gungu, mjini Kigoma, kwenye nyumba ya bibi mzaa baba, miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wanavuka kwa makundi. Bibi mwenyewe alikuwa amekimbia zamani, katika kukimbia kwa kwanza, baba akiwa mgongoni. Kwa hiyo yeye alishakuwa mtu wa Gungu. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili ya matofali mabichi, kiti chake kanisani, na wateja wake wa mawese. Baba alikulia hapo. Alipokuwa kijana alisikia kwao kumetulia, akarudi, akaoa, akajenga upande ule wa ziwa. Huko ndiko nilikozaliwa mimi na mdogo wangu wa kiume.

Siku mambo yalipochafuka tena, mama hakuwepo nyumbani. Alikuwa amekwenda kwa wazazi wake milimani, mdogo wangu akiwa mgongoni. Baba alinishika mkono tukateremka ziwani na watu wengine. Safari yenyewe siikumbuki vizuri. Nakumbuka maji yaliyokuwa yanaingia kwenye mtumbwi, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiyachota kwa sufuria yenye masizi, anachota na kumwaga, hatazami mtu.

Tulifika kwa bibi. Baba akalala, akaamka, akala, akamsaidia bibi kuziba paa. Kisha akasema anarudi kumfuata mama.

"Usiende," bibi alimwambia. "Ngoja wakimbie wenyewe. Watakuja kama ulivyokuja wewe."

Baba hakuondoka siku hiyo. Wala ya pili. Alikaa kwenye kizingiti akivunjavunja vijiti. Kisha asubuhi moja akavaa shati lake la kola, akaniambia nisimsumbue bibi, akaenda Kibirizi kutafuta boti. Sikulia. Nilimtazama hadi akapinda kona kwenye mashine ya kusaga, nikarudi ndani kunywa uji.

Ilinibidi nijifunze kuwa mtoto wa Mwandiga, kwa Waha, jirani na mji. Wakimbizi walitakiwa kukaa kambini, mbali kule bara, na aliyekutwa mjini hana kibali alipakiwa kwenye lori. Kirundi na Kiha ni mtu na ndugu yake, lakini sikio la mwenyeji hutofautisha. Bibi alinifundisha nikisalimia asubuhi nisiseme mwaramutse, niseme mwakeye. Nisijibu haraka. Nikikwama, nijifanye nina haya. Nikawa mtoto mwenye haya, na mwalimu wangu wa darasa la pili akanisifia kwa adabu.

Hadithi kwa Kiswahili bibi hakuzijua. Alizijua kwa Kirundi tu, na Kirundi usiku, mtaa umenyamaza na kuta ni nyembamba, kilikuwa hatari. Wewe unajua watoto tulivyoambiwa kwamba anayesimulia hadithi mchana anaota mkia. Bibi alisema mkia tutaukalia. Ng'ambo ya njia palikuwa na mashine ya kusaga, ya dizeli, na watu walileta muhogo mkavu mchana kutwa. Ilipounguruma usingesikia hata mtu akikuita jina. Hapo ndipo bibi alipovuta ungo wa dagaa, tukakaa kuwachambua, tukitoa mchanga na vipande vya majani, naye akaanza kwa maneno ya kwao ambayo maana yake ni: yalikuwepo, yasiwepo tena. Mashine ikizimwa, hadithi inakatika hapohapo, hata kama mtu ameinua mguu. Tunachambua kimya hadi mteja mwingine aje na gunia lake. Mpaka leo harufu ya dizeli na unga wa muhogo ikinipata mahali, masikio yangu hukaa tayari.

Alikuwa na hadithi moja aliyoipenda. Kijana na dada yake waliishi karibu na maji. Dada akaenda kuchota, ziwa likamchukua, mtungi ukabaki ufukweni. Wazee wakamwambia kijana amfuate. Akasema si mimi, mimi naogopa. Lakini mtungi ukawa unalia. Akaenda. Akavuka mto, akamkuta kikongwe mwenye vidonda akimwomba amwoshe mgongo. Wengine wote walikuwa wamempita wakiziba pua. Yeye akamwosha. Kikongwe akampa mbegu ya boga, na kwa mbegu ile akashuka chini ya ziwa, akamshinda mwenye maji, akarudi na dada yake nguo zinachuruzika. Wakapika. Wakala.

Hiyo ndiyo hadithi nzima, nilivyoisikia mara ya kwanza, baba akiwa hajaondoka. Alipoondoka, ikaanza kurefuka. Kijana alivuka mto mmoja, sasa ikawa miwili. Baada ya kikongwe mwenye vidonda akaja mwingine asiyeona, anataka kuni. Ukaja msitu wa nyuki. Kukawa na mji ambamo wageni hufungwa hadi wajue kusuka mikeka, na kijana akakaa kule akijifunza kusuka mikeka, bibi akinieleza ukindu wake, rangi zake, namna ya kukunja pindo. Wiki zilipita kijana hajaona ziwa.

"Bibi, mbona zamani alifika haraka?"

"Zamani nilikuwa nimesahau njia," akasema.

Mvua ziliisha. Hapakuwa na habari ya baba.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Ujiji, aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani kwake. Alijua mimi si wa Mwandiga. Hakuwahi kulisema. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa na banda la video karibu na soko la Mwanga. Mabati juu, magunia ukutani, mabenchi, jenereta nje. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitafsiri. Picha zilikuja kwa Kiingereza au kwa lugha za Asia, yeye hakujua hata moja kati ya hizo, lakini alishika kipaza sauti akatueleza nani kamtukana nani, na kwa nini, na mama yake ni nani. Sisi watoto tulikaa chini mbele. Tulikuwa na sheria zetu kuhusu picha. Shujaa anaitwa staringi. Staringi anapigwa mwanzo. Staringi hafi. Hiyo ya mwisho tulikuwa tunaisema kama vile mtu anavyosema jua hutokea Mwandiga na kuzama ziwani. Mimi nilikwenda nayo hadi nyumbani. Baba alikuwa ameitwa, akakataa kwa siku kadhaa akivunja vijiti, akaenda, akavuka maji. Sikuwa na wasiwasi naye. Lilikuwa ni suala la kungoja sehemu ya taabu imalizike.

Sikukuu ya Idi jirani akasema mwaka huo lazima bibi naye aone video, asije akafa hajaiona. Bibi akavaa kitenge chake cha kanisani. Tulipewa benchi la nyuma, mimi nikakaa kwa bibi badala ya mbele. Ilikuwa picha ya kijana wa nchi ya baridi, mwalimu wake ameuawa, kila mtu anamwambia akalipize kisasi, naye anakata kuni.

"Atakataa kwanza," bibi akasema.

Kijana akakataa. Watu wawili mbele yetu wakageuka.

"Ataondoka sasa. Njiani kuna kikongwe mchafu, mtu wa kudharauliwa. Asimpite huyo."

Kijana akafunga kibunda, akapanda mlima, na pale pembeni ya njia palikuwa na mzee mlevi, nywele kama nyasi, amelala kwenye theluji. Banda zima likalipuka. Watu walipiga mabati. Mtafsiri akashusha kipaza sauti.

"Bibi, hii umeshaiona wapi?"

"Sijaona hata moja maisha yangu."

"Sasa umejuaje?"

"Huyu kijana namjua tangu niko mdogo," bibi akasema, na alikuwa anacheka, sikuwa nimemwona akicheka tangu baba aondoke. "Kwetu alikuwa anachunga ng'ombe."

Alilisema kwa Kiswahili, lakini lafudhi ya Kirundi ilimtoka yote. Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwenye shati la mikono mirefu, akageuka taratibu.

"Kwenu wapi, bibi?"

Kwenye picha kijana alikuwa akimnywesha yule mlevi maji. Kipaza sauti kilikuwa bado chini. Nilisikia jenereta. Bibi alikuwa bado ameacha mdomo wazi kidogo, kicheko kimebaki palepale kwenye meno.

"Kwao Mwandiga," akasema jirani bila kugeuza shingo. "Na mimi nimelipa kuona picha, sikulipa kuona uso wako. Mdogo wangu, tafsiri!"

Watu wakacheka. Yule mtu akacheka pia, akageuka mbele. Hatujui alikuwa nani. Pengine alitaka kujua tu. Tulipotoka bibi alinishika mkono kwa nguvu hadi nyumbani, njia nzima kutoka Mwanga, akisalimia watu kwa Kiha hata wasiotutazama.

Lakini mtafsiri alikuwa ameonja. Akaanza kuja mchana, mashine ikiunguruma, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bibi alimsimulia kwa Kiswahili chake cha kuchechemea na mimi nikijaza palipopungua. Baada ya hapo ukienda bandani ulikuta mambo. Mwanajeshi kwenye skrini anakimbia na bunduki, helikopta inamfuata, na mtafsiri anasema: huyu ametoka kumwosha kikongwe vidonda, ndiyo maana risasi hazimpati. Polisi wa mji mkubwa anaendesha gari kwa kasi: anawahi, dada yake kachukuliwa na maji. Watu hawakulalamika. Walisema siku hizi tafsiri imekuwa tamu. Niliwasikia vijana wa sokoni wakibishana juu ya mbegu ya boga.

Baba alirudi siku ya kawaida.

Tulikuwa Kibirizi mimi na bibi, kununua dagaa kwa wanawake wanaoanika mchangani. Boti ilikuwa imeingia na madumu ya mawese, watu wanashuka kwenye maji ya magotini wakiwa wameinua nguo. Mmoja alikuwa na kifurushi kichwani. Bibi ndiye aliyemtambua, kwa mwendo. Mimi niliona mtu mwembamba mwenye ndevu, nikatazama nyuma yake. Nyuma yake alikuwa mwanamke, lakini mwanamke yule akaenda upande mwingine. Nikatazama nyuma zaidi. Palikuwa na madumu.

"Amahoro, mama," baba akasema.

Bibi naye alikuwa anatazama nyuma yake. Alitazama kwa muda. Kisha akarudisha macho.

"Umekula?"

"Bado."

Tukaenda nyumbani. Baba aliniwekea mkono kichwani njiani, akauondoa, akauweka tena. Kifurushi alikibeba mwenyewe. Kilikuwa na maharage.

Bibi aliyapika jioni ile, akayaunga kwa mawese na kitunguu, tukayala kwa ugali wa muhogo. Yaliiva haraka, yalikuwa ya msimu. Jirani alileta vitumbua, akaona nyuso zetu, akaweka sahani mlangoni akarudi kwake. Tulipofika nusu ya bakuli ndipo bibi alipouliza.

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Nyumba ipo?"

"Ipo. Mlango umefungwa kwa nje, kwa kamba."

"Wewe ndiye uliyefunga?"

"Mimi na mtoto tuliuacha wazi, mama. Tulikimbia." Akamega ugali, akaushika tu. "Fundo lilikuwa lake. Lile la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha. Ni yeye tu anayefunga hivyo. Alikuja nyuma yetu, akatukosa, akafunga, akaenda."

"Wapi?"

"Kwao milimani hapakuwa na mtu. Nyumba zimechomwa zote. Nikarudi kwetu nikakaa. Nikasema, aliyefunga mlango atakuja kuufungua." Alikuwa anazungumza na bakuli. "Maharage yetu yalikuwa yameota. Nikapalilia. Nikangoja yakakomaa, nikavuna. Hakuja."

Bibi akamwongezea mchuzi. Nilitaka kuuliza kuhusu mdogo wangu, lakini niliona kwamba swali hilo limeshajibiwa kwenye lile la mama, nikaendelea kula. Nilikuwa na njaa. Kesho yake tulikula yaliyobaki, na siku iliyofuata, hadi kifurushi kikaisha. Hakuna aliyefikiria kuweka mbegu.

Mashine ilipounguruma mchana, bibi alivuta ungo. Nilisogea. Tukachambua muda mrefu, kisha akaanza, yalikuwepo, yasiwepo tena, na yule kijana tuliyemwacha kwenye mji wa mikeka akatoka siku hiyohiyo, akapita mito yote kwa sentensi moja, akafika kwao.

"Na dada yake?"

"Toa mchanga huo," bibi akasema. "Unawaacha na mchanga."

Hakuisimulia tena. Zilikuwepo nyingine, za sungura na fisi. Baba alipata kazi ya kubeba magunia palepale Kibirizi, na nadhani aliichagua kwa sababu ya boti, ingawa alipokuwa akibeba hakuwahi kuinua macho. Mimi niliendelea kwenda bandani. Mtafsiri alikuwa bado anawarudisha watu makwao, kila siku ya kazi na Jumapili mara mbili: mwanajeshi, polisi, mkata kuni wa theluji, wote na kitu mkononi. Watoto walipopiga makofi, nilipiga nami. Sikuwa na hasira. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu akisifia chakula wakati una mafua.

Miaka ilipopita na kwao kukatulia, watu walianza kurudishwa, na baba akasema anakwenda. Mimi nilikuwa sekondari, nikabaki. Bibi tulimzika Gungu. Mtafsiri alihama na mashine zake, wengine wanasema Tabora, na jirani akawafuata watoto wake mji mwingine. Nilipata safari ya Kigoma miezi michache baada ya yale mafunzo, nikapita. Banda la video sasa ni duka la vipuri vya bodaboda. Mashine ya kusaga imeondolewa, pamebaki sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, na mtaa una utulivu ambao sikuuzoea. Kwenye kizingiti cha nyumba ya bibi alikaa msichana akitazama filamu kwenye simu, waya masikioni. Nilimsalimia, akatoa waya moja, akaniambia shikamoo, akairudisha. Niliona midomo ya watu kwenye kioo inacheza. Labda aliyekuwa anatafsiri ndani ya yale masikio alikuwa mtu mwingine mwenye sauti ya kukwaruza. Sikuuliza.

Nilisimama pale nikagundua jambo ambalo nilikuwa nalo siku nyingi bila kulitazama. Yule kijana wa bibi namkumbuka kitu kwa kitu. Nyuki, mikeka, vidonda vya kikongwe vilikuwa mgongoni upande wa kushoto. Nimemwingiza kwenye michezo yangu ya redio mara nyingi, nimempa pikipiki, nimempa shahada, nimempeleka Dubai. Mtu hajui. Mama simkumbuki. Si sura tu, hata sauti. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kumkumbuka, na simkumbuki.

Nikampigia baba. Sasa ni mzee, anaishi kwenye ile nyumba, peke yake. Tukasalimiana, nikamwambia niko Gungu, akauliza paa likoje. Kisha nikamwuliza sauti ya mama ilikuwa sauti ya namna gani.

Kikasikika kiti kikivutwa.

"Ilikuwa sauti ya kawaida," akasema. Nilimsikia akihangaika, kama mtu anayepapasa kitu kwenye rafu ya juu. "Ya mwanamke."

Kisha akauliza kama Kigoma mvua imenyesha. Nikamwambia imenyesha.